Sauti na picha zinaachana kwenye video ya kuandika programu mubashara. Tatizo ni nini, na je, nikate makosa yangu?

MwalimuWaKanda · #1

Wakuu, habari zenu.

Nafundisha vijana Python na Django (ya kutengenezea tovuti), darasa la jioni hapa Mwanza. Kila Jumamosi naandika programu mbele yao kuanzia faili tupu hadi itembee, na skrini nairekodi ili aliyekosa nauli asikose somo. Somo la wiki iliyopita lilikwenda saa 1 na dakika 40. Nimekaa nalo siku tatu kwenye Shotcut, programu ya kuhariri video. Laptopu ni Core i3, RAM GB 4.

Nina maswali mawili. Mwanzo wa video sauti na picha zinakwenda pamoja vizuri kabisa. Kadiri video inavyosonga zinaachana, na mwishoni picha iko mbele ya sauti kwa sekunde 3 hivi. Yaani mtazamaji anaona nimeshabonyeza Enter, halafu ndipo ananisikia nikisema "sasa tubonyeze Enter". Kwa somo la namna hii hilo linaua kila kitu.

La pili. Darasani nilikwama dakika 11 kwenye kosa la NoReverseMatch (Django haipati jina la anwani uliloitaja). Kwenye urls.py niliandika orodha_bidhaa, kwenye kiolezo nikaandika orodha-bidhaa. Dakika 11 nzima natafuta, vijana wananitazama. Nizikate au niziache?

Natanguliza shukrani.

KambiMtumba · #2

Naweka kambi hapa. Nina tatizo hilo hilo tangu mwaka jana. Ngoja waje wataalamu.

MzeeWaFremu · #3

Mwalimu, tatizo lako nalijua bila kuiona video. Kirekodi chako kinatoa fremu, zile picha moja moja zinazounda video, zisizo na mwendo mmoja. Virekodi vingi vya skrini hupunguza picha pale skrini isipobadilika. Wewe unaandika mistari mitatu, unasimama kueleza dakika nzima, skrini imetulia, nacho kinapunguza. Ukianza kuteremsha ukurasa, kinaongeza. Kihariri kikidhani kila sekunde ina fremu 30 sawasawa, hesabu inaharibika kidogo kidogo, na picha ndiyo inayotangulia.

Dawa: pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kugeuza faili za video, kabla hujagusa chochote. Kwenye sehemu ya video chagua 30 na weka Constant Framerate. Kisha ndipo uingize kwenye Shotcut. Kukata video ambayo mwendo wake haujanyooshwa ni kujenga ukuta juu ya mchanga.

Chausiku_Linux · #4

Mimi nasema ni sampuli za sauti, yaani vipimo vya sauti kwa kila sekunde. Maiki inarekodi 44.1 kHz, mradi uko 48 kHz. Nimeona hilo mara nyingi kwenye podikasti.

HesabuKwanza · #5

Dada Chausiku (#4), tupige hesabu. Saa 1 na dakika 40 ni sekunde 6,000. Tofauti ya 44.1 na 48 ni zaidi ya asilimia 8, kwa hiyo angeachana kwa dakika 8 hivi, na sauti yake ingebadilika kabisa, nene au nyembamba kama ya katuni. Yeye anasema sekunde 3. Hiyo ni asilimia 0.05. Tutafute ugonjwa wenye ukubwa huo.

Chausiku_Linux · #6

Nimekubali hesabu, mkuu. Basi ni 29.97 dhidi ya 30? Kihariri kimewekwa fremu 30, faili ni 29.97.

HesabuKwanza · #7

Hiyo ni asilimia 0.1, ingekuwa sekunde 6. Umekaribia lakini bado. Halafu virekodi vya skrini kwa kawaida havitoi 29.97, hiyo ni namba ya televisheni za Marekani tangu zilipoingia rangi mwaka 1953.

PwaniHurumzi · #8

Mwalimu, hujatwambia jambo kubwa. Sauti umerekodi kwa nini? Maiki ya laptopu, ya waya, au ya Bluetooth?

MwalimuWaKanda · #9

Nashukuru wote. Dada PwaniHurumzi, samahani kwa kutoeleza. Skrini nimerekodi kwa kirekodi kilichokuja na laptopu. Sauti nimerekodi kwa simu, nimeilaza mezani karibu na mkono wangu, kwa sababu maiki ya laptopu inachukua feni kuliko inavyonichukua mimi. Nyumbani nikaziunganisha kwenye Shotcut.

PwaniHurumzi · #10

Ahaa! Basi mwalimu una saa mbili, na hakuna saa mbili duniani zinazokwenda sawa. Simu ina kioo chake cha ndani (quartz, si cha skrini) kinachohesabu sampuli, laptopu ina saa yake. Kila moja inakosea kidogo. Kwenye wimbo wa dakika 4 hutajua. Kwenye somo la dakika 100 utajua.

Mie nafanya hivi: nikianza napiga kofi moja mbele ya kamera, na nikimaliza kabla ya kuzima napiga jingine. Kama hamna kamera, unabonyeza herufi moja kwa nguvu hadi mlio wa kibodi usikike. Nikifika kwenye kuhariri nalinganisha kofi la kwanza, kisha natazama la mwisho limepishana kiasi gani. Kwa hesabu ya HesabuKwanza, ungefungua Audacity, ya kuhariri sauti, ukaongeza kasi ya sauti kwa asilimia 0.05, ukaishia hapo. Hakuna sikio la binadamu litakalojua.

MzeeWaFremu · #11

PwaniHurumzi, saa ya simu kukosea kwa 0.05 ni nyingi mno. Vioo vya siku hizi vinakosea sehemu chache kwa laki moja, sio hamsini. Sekunde 3 kwa saa pekee haziji.

Mwalimu, swali: kuachana kulianza taratibu, au kuna mahali paliruka?

MwalimuWaKanda · #12

Nimekwenda kuangalia sasa hivi, mkuu. Hadi dakika ya 46 tofauti ni ndogo, labda robo sekunde. Dakika ya 47 niliendesha pip install ya maktaba kadhaa huku kivinjari kina vichupo 20, laptopu ikaganda kidogo. Baada ya hapo tofauti inazidi sekunde 1 na nusu kwa mpigo. Kisha inaongezeka polepole hadi mwisho.

Na nimekumbuka kitu. Nilipoingiza faili, Shotcut iliniuliza kama nataka kuigeuza iwe rahisi kuhariri. Nikakataa, kwa sababu nilihofia faili litakuwa kubwa na diski imebaki na GB 9.

MzeeWaFremu · #13

Hapo hapo! Lile swali linakuja likigundua mwendo wa fremu usio sawa. Lilikuwa linakutahadharisha. Ukiulizwa tena kubali, na chagua daraja la chini kabisa kati ya yale matatu. La juu ndilo linalojaza diski.

StimaImepotea · #14

Mimi niko Mombasa. Naona mnazungumza kuhusu saa na fremu, lakini mruko wa dakika ya 47 ni tarakilishi kulemewa. Prosesa ikijaa, kirekodi kinaangusha fremu. Hapo hata HandBrake haitarudisha kitu ambacho hakikurekodiwa.

Ushauri wangu ni kuachana na kirekodi hicho na kuhamia OBS Studio, programu ya kurekodi skrini. OBS ikizidiwa inarudia fremu iliyopita ili idadi itimie, kwa hiyo picha itakwama kwa kitambo lakini sauti haitaachana nayo. Na maiki ya waya ukiichomeka humo humo, sauti na picha zinaingia kwenye faili moja.

Ila rekodi faili la aina ya mkv, si mp4, tafadhali. Mwezi wa nne stima ilipotea nikiwa dakika ya 70 ya somo la Laravel, betri yangu ilikuwa imekufa zamani. Nilikuwa narekodi mp4. Faili lilikuwa na GB 2 na halikufunguka popote, manake mp4 ya kawaida huandika ramani yake mwishoni, na mwisho haukufika. Niliwaandikia wanafunzi 14 kuwaomba radhi. Mkv ingeniachia dakika zote 70.

MtuWaAmri · #15

Kuongezea #14: tangu toleo la 30.2 la mwaka 2024, OBS ina Hybrid MP4 ambayo nayo inastahimili kukatika. Na kama una mkv na kihariri chako hakiipendi, huna haja ya kuirenda upya (kuitengeneza video yote tena), tumia programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i somo.mkv -c copy somo.mp4

Sekunde chache tu, ubora ule ule.

KambiMtumba · #16

@MtuWaAmri mkuu, mimi hiyo -c copy nimeitumia kukata. Naambia ianze dakika ya 5 kamili, inaanza sekunde kadhaa nyuma, au picha inaganda mwanzoni. Kwa nini?

MtuWaAmri · #17

Kwa sababu haigusi fremu, inanakili tu. Na kwenye video iliyobanwa, si kila fremu ni picha kamili. Nyingi zinasema "kama iliyopita, ila hapa pamebadilika". Ukikata kwa kunakili, lazima uanzie penye fremu kamili. Rekodi za skrini zinaweza kukaa sekunde 8 bila fremu kamili hata moja. Kwenye OBS weka ziwe kila sekunde 2, utakata karibu na unapotaka. Kwa kukata penyewe hasa, lazima urende.

NiliyeketiNyuma · #18

Naomba niingie kwenye swali la pili, limesahaulika.

Mwalimu, tafadhali usizikate dakika 11. Nilijifunza mwenyewe kwa video za lugha nyingine, na kila mwalimu alikuwa anaandika mistari 200 bila kosa hata moja. Nikirudia kwangu, kosa la kwanza tu nafunga laptopu. Niliamini kichwa changu hakifai kwa kazi hii. Siku niliyoona mtu mzima, anayelipwa kwa kazi hiyo, akisaka mkato mmoja uliokosekana, anasoma ujumbe wa kosa kwa sauti, anajaribu, anakosea, anajaribu tena, ndipo nilipojua kazi yenyewe ni ipi. Leo nimeajiriwa. Ziache.

MzeeWaFremu · #19

Dada #18 nimekuelewa, lakini dakika 11 kwa mtu anayetazama kwa bando ni ghali. Atalipia dakika za mwalimu kukuna kichwa. Kata zibaki 3: kosa linapotokea, dhana mbili alizozijaribu zikashindwa, na lilivyopatikana. Kati yake weka maandishi "dakika 8 baadaye", mtu ajue kwamba halikuwa jambo la papo hapo.

NiliyeketiNyuma · #20

Hilo la maandishi nalikubali, mradi asidanganywe. Kinachoniumiza ni ile kata ya kimyakimya, mtu anaona msimbo umejirekebisha wenyewe.

PwaniHurumzi · #21

Na hiyo kata ya kimyakimya ina madhara mengine. Ukikata kati, hakikisha msimbo ulio kwenye skrini kabla na baada ya kata unafanana. Mie niliwahi kukata dakika 2, kumbe ndani yake nilikuwa nimeongeza import moja juu ya faili. Watu 30 wakaniandikia kwamba kwao haitembei. Siku hizi kila nikikata nateremsha ukurasa mzima kwanza, natazama.

MwalimuWaKanda · #22

Wakuu, nimerudi na matokeo. Nimerudi kwenye faili asili, nimepitisha HandBrake kama Mzee alivyosema. Ilichukua usiku kucha kwa laptopu hii. Nimeunganisha upya na sauti ya simu, nikarudia kata zangu zote 38. Mruko wa dakika ya 47 umeondoka. Mwishoni sasa tofauti ni kama sekunde 0.8. Haijaisha ila nimefurahi sana, Mungu awabariki.

MzeeWaFremu · #23

Nilisema! StimaImepotea, ule mruko haukuwa kulemewa. Ungekuwa kulemewa usingepona.

StimaImepotea · #24

Pole pole ndugu. Kirekodi kilipolemewa kiliacha pengo, na pengo lenyewe ndilo mwendo usio sawa unaousema wewe. HandBrake imejaza pengo kwa kurudia fremu. Angalieni pale dakika ya 47, nina hakika picha imeganda. Mwalimu, imeganda?

MwalimuWaKanda · #25

Imeganda sekunde 1 na kidogo, ndiyo.

PwaniHurumzi · #26

Na 0.8 iliyobaki ni saa ya simu. Msinikimbie.

HesabuKwanza · #27

0.8 kwa 6,000 ni kama sehemu 13 kwa laki moja. Bado ni kubwa kwa kioo cha simu, ingawa haishangazi kama simu ilipata joto saa nzima mezani. Lakini nina mtuhumiwa mwingine. Mwalimu amefanya kata 38. Swali: ulipokata, ulikata picha na sauti kwa pamoja au kila mstari peke yake?

MwalimuWaKanda · #28

Kila mmoja peke yake, mkuu. Nakata picha, kisha nashuka kwenye sauti nakata pale pale kwa macho.

HesabuKwanza · #29

Basi fremu moja kwa mwendo wa 30 ni milisekunde 33. Ukikosea fremu moja tu kila kata, upande ule ule, mara 38, ni sekunde 1.25. Hapo 0.8 yako inaenea kabisa bila kumsingizia simu.

Next time, samahani, safari ijayo: linganisha sauti na picha kwanza, toa faili moja iliyounganishwa, halafu ndipo ukate hiyo moja. Kwenye Shotcut, S inagawa, X inaondoa na kuziba pengo. Mkono wa kushoto S na X, wa kulia kipanya. Utamaliza saa 1 na dakika 40 kwa jioni mbili.

PwaniHurumzi · #30

Inawezekana. Lakini makosa ya macho yangekwenda mbele na nyuma, yangefutana. Kwa nini yote yaelemee upande mmoja? Nabaki na saa yangu.

Mzigo768 · #31

Kuna jambo hamjaligusa. Vijana wanaoangalia hizi video wanatumia simu, na wanaweka 360p kuokoa bando. Nimejaribu kusoma msimbo wa fonti 14 kwa 360p kwenye kioo cha inchi 6. Huoni kitu, nukta na mkato vinafanana. Na hakuna kihariri kitakachokusaidia baadaye, ukikuza picha ya 1366 kwa 768 unapata ukungu mkubwa zaidi.

Kabla ya kurekodi, fonti ya VS Code (unamoandikia msimbo) iwe 22 au zaidi, funga paneli za pembeni, na mstari usizidi herufi 70. Rangi nyekundu juu ya nyeusi epuka, kwa sababu video hubana taarifa za rangi kuliko za mwanga, herufi nyekundu nyembamba ndizo zinazofifia kwanza.

Chausiku_Linux · #32

Hii nondo. Na kama somo ni la terminali tupu (dirisha la kuandikia amri), kuna asciinema. Hairekodi picha, inarekodi maandishi na muda wake. Somo la nusu saa linaweza kuwa kilobaiti mia kadhaa tu, na mtazamaji anaweza kunakili amri moja kwa moja kutoka kwenye "video". Ukiweka -i 2, ukimya wowote unaozidi sekunde 2 unafupishwa wenyewe. Haina sauti wala kivinjari, kwa hiyo kwa Django ya mwalimu haitoshi.

StimaImepotea · #33

@Mzigo768 shukrani. Nami niongeze la usalama: faili la .env. Nililifungua kwa sekunde 2 somo likiendelea, na nywila ya hifadhidata ikaonekana. Niligundua video ikiwa mtandaoni tayari. Nikakaa usiku nikiweka ukungu juu ya mstari ule.

MtuWaAmri · #34

Mkuu, ukungu pekee hautoshi. Ilishaonekana, ilishaonekana. Badilisha nywila kwanza, ukungu baadaye. Na kwenye kuhariri usitumie ukungu mwepesi juu ya herufi, funika kwa boksi jeusi. Kagua pia fremu za kabla na baada, mara nyingi neno linaonekana kwa fremu 3 wakati ukurasa unateremka.

StimaImepotea · #35

Nilibadilisha asubuhi. Ungekuwa karibu usiku ule ungeniokolea usingizi.

NiliyeketiNyuma · #36

Mwalimu wa Kanda, ulivyosema "vijana wananitazama" dakika 11, kuna aliyeliona kosa kabla yako?

MwalimuWaKanda · #37

Yupo, dada. Binti mmoja wa mstari wa nyuma alisema "mwalimu, kile kistari kiko chini au katikati?" Sauti yake simu imeinasa kwa mbali, na mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati. Ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo isiyosikika.

Chausiku_Linux · #38

Audacity, kupunguza kelele. Unachukua sampuli ya sekunde mbili za mvua peke yake, kisha unaitoa.

PwaniHurumzi · #39

Kwa feni, sawa, mlio wake haubadiliki. Mvua ya mabati inapanda na kushuka, utabaki na binti anayeongea kama yuko ndani ya mtungi. Mwalimu, usiisafishe. Pandisha sauti ya pale tu, na uandike maneno yake chini ya skrini.

MwalimuWaKanda · #40

Nitaandika. Na dakika 11 nimezifanya 4, na maandishi ya "dakika 7 baadaye" yapo. Swali la binti limebaki zima.

Jumamosi hii nitapiga kofi mara mbili, mwanzo na mwisho, na nitakata mstari mmoja tu. Nikileta namba tutaona kama ni saa au ni macho yangu.

HesabuKwanza · #41

Lete zote mbili. Kofi kabla ya kukata, na kofi baada ya kukata. Bila hivyo PwaniHurumzi hatanyamaza.

PwaniHurumzi · #42

Sinyamazi. Na simu uiweke mbali na jua.